Mwili Mmoja, Ada Moja

Kwa Bi. Kabagwira,
Msajili, Chuo cha Imisozi,
Kigali.

Gikondo, Jumanne, wiki ya tano ya ndoa yetu

KUHUSU: MALALAMIKO YA MTU MMOJA KUDAIWA ADA MBILI

Mheshimiwa Msajili,

Nakusalimu kwa heshima, na kwa furaha ambayo haijanitoka tangu siku ya harusi. Nianze kwa kukuomba radhi kuhusu karatasi hii. Najua barua za ofisini hazina waridi pembeni, lakini tulichapisha mialiko mingi kuliko ndugu tulio nao, na niliona ni dhambi kuitupa. Nimeandika upande wa nyuma. Ukigeuza ukakuta maandishi ya dhahabu yanayosema "Shyaka na Christella wana furaha kukualika", usishtuke ukadhani umechelewa. Harusi imekwisha, na ilipendeza kupita kiasi. Kadi ni ndogo, kwa hiyo barua imekula kadi nyingi. Nimezifunga pamoja kwa utepe uliokuwa kwenye keki.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ni lugha rasmi ya nchi yetu kama zile nyingine, na nimesikia wewe ulikulia Tanzania, upande wa Ngara. Mimi nilikulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na mambo ya moyo wangu hutoka vizuri zaidi kwa Kiswahili. Kifaransa changu kinatosha kumwita mume wangu Cheri, na hapo ndipo kinapoishia.

Mimi ni Christella, mke wa Shyaka. Kama ungemjua Shyaka nisingehitaji kuandika zaidi. Anafanya kazi kwenye ghala moja kule Masoro, anapokea maboksi na kuyahesabu, na nasikia hakuna anayepokea boksi kwa upole kama yeye. Akicheka, shavu lake la kushoto linabonyea, na mtu hupoteza alichokuwa anasema. Mimi hapa nimepoteza. Imebidi nisome tena juu ili nijue nalalamikia nini.

Nalalamikia hili. Wiki iliyopita, tulipomaliza jaribio la kujiunga na chuo chako, tulipita kwenye dirisha la uandikishaji tukiwa tumeshikana mikono. Karani wako Annick, binti mstaarabu mwenye kucha nzuri, akatuambia tukifaulu tutalipa ada mbili. Nikamuuliza ni za nani. Akasema, "Yako na yake." Nikamuuliza tena, kwa upole, hiyo "yako" na "yake" ameitoa wapi, maana sisi vitu hivyo tuliviacha kanisani. Akanitazama kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye nyumba ya wageni, kisha akasema, "Dada, foleni ni ndefu." Kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu kweli, nimeona niyaweke malalamiko yangu kwa maandishi na kwa namba, yasije yakachanganyika na mapenzi.

1. Mmekosea hesabu. Mbele ya altare padri wetu alitamka waziwazi kwamba sisi si wawili tena, bali mwili mmoja. Alitumia kipaza sauti. Watu walikuwepo, wengine wametoka Bujumbura kwa basi, na hakuna aliyenyoosha mkono kusema, "Samahani Padri, upande wa ada watabaki wawili."

Unaweza kuniambia kwamba chuo chako si cha dini. Sawa, twende upande wa serikali. Kwenye ofisi ya sekta tuliinua mkono wa kulia, wa kushoto umeshika bendera, na afisa akatuuliza tunachagua utaratibu gani wa mali: kuchanganya zote, kuchanganya zile tutakazochuma pamoja tu, au kila mtu abaki na zake. Cheri hakungoja afisa amalize. Alisema "Zote" kwa sauti ambayo hata maharusi waliokuwa wakingoja zamu nyuma yetu walipiga makofi, na bibi harusi mmoja alimgeukia wa kwake akamtazama kwa namna ya kumuuliza na yeye atasemaje.

Sasa, Mheshimiwa, waliotutangulia walisema elimu ni mali. Kama elimu ni mali, basi kila kinachoingia kichwani mwa Shyaka ni changu pia kuanzia dakika kinapoingia, na kinachoingia kwangu ni chake. Chuo kinawezaje kuuza mali ileile mara mbili kwa nyumba ileile? Hata kwa wauza vitambaa wa Biryogo, watu wanaojua kuuza kweli, hilo halifanyiki.

2. Hamjui tulivyowachagua. Labda mnadhani watu huwaangukia kama mvua. Sisi tulikaa kikao cha familia, Jumapili baada ya misa, kwa wakwe zangu. Baba mkwe, Mzee Salvator, aliendesha lori kati ya Bujumbura na Kigali maisha yake yote, na kila kitu hukipima kama tairi. Alisema tairi ghali na tairi rahisi zote hupasuka, ila ile ghali hupasuka ukiwa umeshafika mbali. Mama mkwe, Mama Pudentienne, alikuwa amefanya utafiti wake: alizunguka sebule za majirani akitazama picha za mahafali ukutani, ili ajue joho la chuo gani litaendana na makochi yake. Shemeji Arnaud alikuwa na simu mkononi anatusomea orodha ya vyuo bora, na kila alipotaja chuo, Baba mkwe alimuuliza nauli ya kufika huko. Masomo yenyewe hayakuchukua muda. Baba mkwe alisema mtu anayehesabu maboksi asome uhasibu, ahesabu na kilichomo ndani.

Chuo kimoja kiko Huye. Ada yake ni nafuu, lakini mwanafunzi hulala hukohuko. Waliposema hivyo sikulia, watu walikuza mambo. Niliweka tu kikombe cha chai chini nikashindwa kukiona tena. Chuo cha pili, ambacho sitaki kukitaja, kiko hapa mjini na kilitangaza punguzo kubwa, ila Arnaud alipopiga simu aliambiwa kimebadilisha jina. Akapewa jina jipya, akalitafuta, nalo lilikuwa limeshabadilishwa. Mkabaki ninyi. Ada yenu ilimfanya Baba mkwe avue kofia, lakini mnafundisha jioni. Na mimi nilikuwa nimekuja siku moja kuchungulia madarasa yenu kupitia dirishani, nikaona madawati ni ya kukaa watu wawili. Nililisema hilo kikaoni kwa sauti, mara yangu ya kwanza kusema kitu kwa wakwe zaidi ya "ndiyo, Mama". Wote wakanigeukia. Kisha Mama mkwe akasema joho lenu ni la bluu na makochi ni ya kijivu, kwa hiyo inawezekana.

Familia ina pesa ya kumsomesha mtu mmoja. Ni iliyobaki kwenye michango ya harusi, na Baba mkwe ameongeza ya kwake. Hakuna aliyeuliza huyo mmoja ni nani, kwa sababu kwenye mambo ya chuo neno "mmoja" likitajwa huwa tayari lina ndevu. Mimi sikununa. Nilipomaliza sekondari, mchepuo wa uhasibu, nyumbani kwetu pia palikuwa na pesa ya mmoja, ikaenda kwa kaka yangu, ambaye sasa anafuga kuku. Kwa hiyo nimezoea. Lakini safari hii nilifurahi kuliko wote pale sebuleni, maana nilijua jambo ambalo wao hawakulijua: kwamba mmoja huyo, tangu siku ya harusi, na mimi nimo ndani yake.

3. Mmepandisha ada tukiwa bado kwenye fungate. Siku ya kikao ilikuwa kiasi fulani, na tulipofika dirishani palikuwa na karatasi mpya imebandikwa juu ya ile ya zamani, gundi bado mbichi. Kuna ada ya masomo, ambayo sisi tuliokulia Bujumbura tunaiita minerivali. Kuna ya maendeleo, ya intaneti, ya maktaba, ya kadi, na nyingine inaitwa ya kushughulikia, ambayo Annick alisema ni ya kushughulikia hizo nyingine. Sibishi. Kila kitu kimepanda, hata viazi. Lakini viazi vikipanda, mtu hununua vichache. Ndicho tunachofanya na sisi: ninyi mmepanda, nasi tumepungua kutoka wawili hadi mmoja. Naona hapo tungekutana bila ugomvi.

4. Mlitutenganisha kwenye jaribio. Nilimsindikiza Cheri kwa sababu yeye alikuwa na wasiwasi na mimi nilikuwa na chupa ya maji. Msimamizi aliponiuliza mimi ni nani, nikasema ni wa Shyaka, akanipa karatasi ya maswali. Sikukataa, nimelelewa kutokataa karatasi ya mwalimu. Nikakaa karibu na mume wangu kama inavyopasa. Msimamizi akaja akanihamishia ukuta wa pili, kando ya ndoo ya kudekia, akasema kila mtu ajibu yake. Mheshimiwa, umewahi kuona jicho la kulia likikatazwa kutazama kinachotazamwa na la kushoto?

Nilimtazama mara moja tu, na haikuwa kwa ajili ya majibu, ilikuwa shavu. Alikuwa anatafuna kalamu na kuandika kidogo kidogo, kwa unyenyekevu. Mimi yale maswali ya hesabu yalinikuta na furaha. Niliyajibu yote, muda ukabaki, nikamwandikia shairi nyuma ya karatasi. Msahihishaji akilikuta asilitilie alama, halikuwa swali. Mmesema matokeo yatakuja kwa ujumbe, kila mtu kwenye simu yake. Na hilo nalilalamikia. Ujumbe mmoja ungetosha.

5. Mnataka kadi mbili zenye picha mbili. Nimekuwekea humu picha moja ya harusi ambayo sote tumetoka vizuri. Ule mkono unaoingia upande wa kulia ni wa Mama mkwe, alikuwa ananiweka shela sawa. Mnaweza kuukata, ila kwa adabu. Mlinzi akimwona mmoja wetu anapita getini, ajue kadi imeingia nusu, asubiri nusu nyingine.

6. Joho. Hili najua utaliuliza, ndiyo maana nimelishughulikia mapema. Mimi ni mshonaji, nashona Biryogo kwenye duka la Mzee Ismaël, ambaye ameshona kanzu za mtaa mzima na hashangai upesi. Nilimuuliza kama joho moja linaweza kuwa na shingo mbili. Akaweka mkasi chini, akafikiri, akasema, "Mwanangu, kitambaa hakikatai kitu. Niambie tu, hao watu wawili wanatembea hatua moja, au kila mtu na yake?" Nikamwambia hatua moja. Akauliza ndoa ina wiki ngapi. Nikamwambia ya tano hii. Akasema basi ataacha kitambaa cha kupanulia pembeni, kwa sababu mpaka mwaka wa tatu hatua zitakuwa zimeachana kidogo, na mshono ukibana utafumuka mbele ya wageni.

Anapenda utani, yule mzee. Lakini vipimo ameshachukua. Mimi nilitaka mikono minne. Yeye ameshauri mitatu, maana anasema ametuona tukipita pale kichochoroni na ile miwili ya katikati huwa haitumiki kwa kazi yoyote. Gharama ya kitambaa ni juu yetu. Kofia ndizo zitakuwa mbili, hapo nakubali kushindwa.

7. Mahudhurio na mitihani. Cheri ana wiki za zamu ya usiku kule ghalani, na mimi zipo jioni za kushona sare za shule ambazo Mzee Ismaël hawezi kuniachia. Mwalimu akiita jina letu, atakayekuwepo ataitika "nipo", na asiulizwe nusu ya pili iko wapi. Wapo wanafunzi wanaokuja darasani wameacha akili nyumbani, na hamjawahi kuwaandika kwamba hawapo.

Mitihani nayo isitusumbue. Alama zetu zijumlishwe, zigawanywe kwa mbili, ipatikane alama moja ya mwili mmoja. Hatuogopi. Mmoja akijua kidogo, mwenzake atakuwa amejua mengi, na ndoa yenyewe ni hiyo.

8. Hapa naomba usome ukiwa umekaa. Mungu akitujalia mtoto kabla hatujahitimu, mtoto huyo atakuwa amesikiliza mihadhara yenu miezi tisa mfululizo, bila kuchezea simu wala kutoka nje kwenda kununua sambusa. Haitakuwa haki akija kwenu ukubwani aanzishwe mwaka wa kwanza kama mtu aliyetoka barabarani. Naomba nafasi yake itunzwe mwaka wa pili. Jina tutalileta.

Na si mtoto tu. Siku wakwe walipokuja kwetu kuniomba, msemaji wao na msemaji wetu walipimana kwa mafumbo na sifa za ng'ombe mpaka chakula kikapoa. Wa kwao alisema wamefuata nyayo za ndama aliyepotea zikawaleta mlangoni kwetu. Wa kwetu akamjibu kwamba ndama anayetajwa amesoma mpaka sekondari na anajua mwenyewe njia ya kurudi. Watu walicheka sana, na mimi nyuma ya pazia nililia kwa raha. Mwisho wasemaji wote wawili wakatamka mbele ya hema zima kwamba kuanzia siku ile hizi si familia mbili tena, ni moja. Ng'ombe wakatolewa. Hakuna aliyepinga.

Kwa kanuni ileile ya namba moja, basi, watu wote waliokuwa chini ya lile hema ni mtu mmoja, na ada ikishalipwa imelipwa. Usiogope, hatutakuja wote. Mama mkwe angependa tu kula kwenye kantini yenu siku za Jumatano, kwa sababu amesikia mnajua kupika isombe, kile kisamvu cha huku kwetu. Baba mkwe atakaa maktaba na gazeti, hatamsemesha mtu isipokuwa mtu huyo awe anasoma habari za barabara. Siku ya mahafali, jina letu likiitwa, hapo ndipo tutapanda jukwaani sote. Jukwaa liimarishwe kabla.

Kwa hayo yote, naomba mambo machache: ada moja, dawati moja, kadi moja, alama moja. Sikusudii kuwatia hasara. Najua chuo kina walimu wa kulipwa na umeme wa kununuliwa. Kama ada moja itawaumiza, niko tayari kuwashonea mapazia mapya bila malipo, maana yale niliyoyaona nilipochungulia yanaonekana yalishonwa na mtu aliyekuwa anakimbia.

Nisalimie walimu wote, wa mchana na wa jioni. Msalimie Annick, mwambie sina kinyongo naye, na anielekeze anakopaka rangi ile ya kucha. Msalimie msimamizi wa jaribio pamoja na ndoo yake. Msalimie mlinzi wa getini, na yule dada wa sambusa. Msalimie mumeo kama unaye. Na kama huna usivunjike moyo, maana hata mimi Shyaka nilimpata kwenye foleni ya kununua umeme siku ambayo mtandao ulikuwa umekufa, na tangu siku ile sijawahi kuulalamikia mtandao.

Nabaki mimi, yaani sisi,

Christella-Shyaka
(Mtu mmoja. Saini imetiwa na upande uliokuwa na kalamu.)

Nyongeza, Alhamisi.

Bi. Kabagwira, barua hii ilikuwa bado juu ya meza kwa wakwe, utepe umeshafungwa, matokeo yenu yakaingia. Simu zetu mbili zililia kwa pamoja, nikawaambia wote, "Mmeona?" Kisha tukasoma. Mimi nimepata themanini na moja kwa mia. Shyaka amepata ishirini na tisa. Mnasema anayeingia ni kuanzia hamsini.

Baba mkwe akaomba aisome barua yangu, akafungua utepe, akaisoma yote kwa sauti, na nilimwona anavyoipenda. Akasema, "Mwanangu, umeandika kama wakili." Arnaud akapiga hesabu ya namba saba kwenye simu: themanini na moja, jumlisha ishirini na tisa, gawanya kwa mbili. Hamsini na tano. Mwili umefaulu. Mama mkwe akapiga vigelegele.

"Basi imekwisha," akasema Baba mkwe. "Ada ni moja, mwili ni mmoja, na kichwa cha mwili ni mume, hilo nalo liko kwenye Biblia hiyohiyo. Shyaka ataingia na hamsini na tano zake. Na wewe elimu utaipata akirudi jioni. Si umesema ni mali ya wote?"

Nilitafuta pa kumjibu. Nikapita kichwani kuanzia namba moja hadi namba nane, sikupata hata tundu la sindano. Nilikuwa nimeijenga vizuri mno.

Aliyejibu ni Cheri. Alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi, akasema polepole, "Papa, zile themanini na moja si zangu. Hata zile ishirini na tisa sijui zilitoka wapi." Shavu halikubonyea, hakuwa anatania. Akasema alikuwa anakwenda chuo kwa sababu hakuna aliyemuuliza kama anataka, na kwamba kule Masoro hesabu za maboksi zikimshinda huwa ananipigia simu mimi. Mama mkwe akataka kujua tangu lini. Akasema tangu uchumba. Baba mkwe akazungusha kofia yake mkononi, akanitazama mimi, akamtazama mwanawe, akaizungusha tena. Mwisho akasema tairi jipya hufungwa kwenye gari linalotembea, akaenda chumbani kuleta pesa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Msajili, naomba malalamiko yangu yote, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, uyahesabu kama hayakuandikwa. Annick alikuwa sahihi. Sisi ni wawili. Nampenda Shyaka leo kuliko nilivyompenda Jumanne, na vyote nilivyo navyo ni vyake, cherehani yangu na sehemu kubwa ya kitanda. Lakini themanini na moja ni zangu. Naomba niandikwe Christella Mugeni, mtu mmoja, uhasibu, masomo ya jioni, ada moja kamili. Picha nitapiga nyingine, ya peke yangu.

Cheri anauliza darasa linatoka saa ngapi, ili ajue maharage ayabandike jikoni lini.